Fomu Mbili na Kanuni ya Nusu Zizi

Fomu zilikuwa mbili, na zote zilikuwa chini kabisa ya sanduku la bati, kati ya soksi zilizopotezana na mfuko wa karanga uliopasuka. Binti yangu mkubwa alizitoa siku ya nne ya likizo ya Desemba, nguo zao zote zikiwa zimeshafuliwa na kukauka, akasema, "Mama, hizi ni za kusaini. Tulisahau." Watoto wa bweni husahau kila karatasi isipokuwa ile ya orodha ya vitu vya kununuliwa.

Ziliandikwa kwa Kiingereza, lakini hata mimi fundi cherehani nilizielewa. Muhula ukifunguliwa, wahudumu wa afya wangekuja shuleni kuwachanja korona wanafunzi wote wa kuanzia miaka kumi na miwili. Mzazi aweke alama kwenye kisanduku cha Nakubali au cha Sikubali, kisha aweke sahihi. Kisanduku cha "Sijui, naogopa, niulizeni mwaka ujao" hakikuwepo.

Binti zangu wanasoma ng'ambo ya Namanga, upande wa Kenya, kwenye shule yenye msingi na sekondari ndani ya uzio mmoja. Hilo lilikuwa wazo la baba yao, ambaye ni dereva wa watalii na anaamini Kiingereza cha Kenya kina nguvu kuliko cha kwetu. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na mitano. Mdogo alikuwa ametimiza kumi na miwili miezi miwili tu iliyopita, yaani aliingia kwenye fomu ile kwa kusukumwa na siku yake ya kuzaliwa. Huku Karatu chanjo hiyo ilikuwa ya watu wazima. Hakuna jirani aliyekuwa ameulizwa kuhusu mtoto wake, kwa hiyo hakuna jirani niliyeweza kumwiga.

Na mimi ni mtu wa kuiga. Mjini hapa mwanamke akichagua kitenge, mimi nakata vingine vitatu vya namna hiyo kabla hajatoka dukani. Kuamua jambo peke yangu, tena la mwili wa mtoto, kunanifanya nianze kufagia ua ambao umeshafagiwa.

Mkubwa hakunipa hofu sana. Ni mtoto wa afya, anakula akimaliza anauliza kuna nini kingine. Hofu yangu ilikuwa mdogo, kwa sababu ana pumu. Hajalazwa mara nyingi, na anajua kutumia dawa yake ya kuvuta vizuri kuliko mimi ninavyojua kutumia simu, lakini mzazi wa mtoto mwenye pumu huwa na sikio moja ambalo halilali. Mwaka ule korona ilipoanza, nchi nzima ilikuwa inajifukiza, na sisi hatukutaka kubaki nyuma. Tulichemsha sufuria la mwarobaini, malimao, tangawizi na majani mengine ambayo hadi leo hakuna aliyekiri kuyachuma, tukaingia familia nzima chini ya blanketi moja saa nane ya mchana. Hatukupima faida wala madhara. Baada ya dakika tano mdogo akaanza kunivuta sketi. Nikamwambia avumilie. Alipovuta mara ya pili niliinua blanketi, nikamwona midomo imegeuka rangi na kifua kinapanda bila kushuka.

Tulimkimbiza hospitali kwa bodaboda, mimi nyuma yake, jasho la mwarobaini likinitiririka, tukinuka kama mbuzi aliyekolezwa viungo. Walimwekea mashine ya mvuke wa dawa na akapata nafuu kabla jua halijazama. Watu hucheka nikisimulia, na mimi mwenyewe hucheka. Lakini nimemwona mwanangu akiitafuta hewa akaikosa, na sitaki kumwona tena.

Kwa hiyo fomu yake ilikuwa na mikono miwili ya kunikaba. Nikikataa, korona ikimpata bwenini, kile kifua kitaiweza? Nikikubali, sindano ikakichokoza kile kifua kilomita nyingi kutoka kwangu, nani atainua blanketi?

Nilianza na mume wangu, kama inavyotakiwa. Nilimpigia akiwa mbugani, ndani ya kreta, na wageni wake.

"Mama watoto, wewe unaonaje?" akaniuliza.

"Mimi ndiyo nakuuliza wewe."

"Mimi naona... subiri. Subiri kwanza. Kuna faru! Wageni wanapanda juu ya viti, ngoja niwa..."

Simu ikakatika. Kutoka hapo walielekea Ndutu, ambako mtandao ni wa kubahatisha, na kwa siku sita nikabaki na ushauri wa yule faru.

Hata hivyo ushauri wa mume wangu usingekuwa na uzito sana, kwa sababu yeye mwenyewe alishachanjwa na sisi tulishuhudia. Kampuni yao ilitaka madereva wote wachanjwe kabla wageni hawajarudi kwa wingi. Alichomwa sindano moja asubuhi, akarudi anatunisha msuli. Kesho yake akalala kitandani akatuita wote watatu, akatuonyesha hati ya kiwanja ilipofichwa, akatusamehe makosa yetu yote, hata mengine ambayo hatujayafanya. Keshokutwa yake akaamka akala chapati tano. Lakini watoto hawakuzikumbuka chapati. Walikumbuka hati ya kiwanja.

Dukani kwangu, kwenye barabara ya kwenda sokoni, ushauri ulikuwa mwingi kuliko vitambaa. Mama mmoja alinihakikishia kwamba ukichanjwa, kijiko kinanata begani. Hilo nilishalipima mwenyewe siku ile mume wangu alipolala kitandani, kwa sumaku yangu ya kuokotea pini. Haikunata popote isipokuwa kwenye zipu ya suruali. Mwingine alisema mabinti wakichanjwa hawatazaa. Wa tatu alisema amechanjwa mara tatu na hata mafua hayajui tena, na akapiga chafya papo hapo, akasema hilo ni vumbi la kitambaa changu. Wote watatu walikuja kupunguza nguo na wote watatu waliondoka bila kujua kwamba mimi nimebaki pale pale.

Ndipo Alhamisi akaja baba mkwe.

Baba mkwe wangu ni bwana mifugo mstaafu. Anaishi Rhotia na ng'ombe wake wanne wa maziwa, lakini zamani hakuna boma la kutoka Karatu hadi Endulen, na mbele hadi Arash huko Loliondo, ambalo hakulifikia. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuchanja ndama dhidi ya ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe ambao ukiingia unaweza kumaliza ndama wa mwaka mzima. Ndama aliyechanjwa huvalishwa hereni ya plastiki sikioni, ili hata mnunuzi mnadani ajue huyu yuko salama. Yeye mwenyewe chanjo ya korona alikuwa hajachanjwa. Alisema chanjo isiyo na hereni haina ushahidi.

Alifika na koti lake la mvua, buti zenye tope na begi la ngozi alilostaafu nalo. Wajukuu wakamkimbilia, "Aako! Aako!" maana ndivyo Wairaqw wanavyomwita babu. Mimi nikampa shikamoo na chai. Mimi ni mtu wa Rombo niliyeolewa huku, na kwa miaka kumi na sita sikuwa nimewahi kumbishia baba mkwe usoni. Nikiwa na hoja naiambia sufuria, yeye akiwa anasikia, na yeye hunijibu kupitia kikombe chake. Tumeishi hivyo kwa amani kubwa.

Mkubwa akamwonyesha fomu. Babu akavaa miwani, akazisoma zote mbili mwanzo hadi mwisho, ingawa zilikuwa sawa. Kisha akatoa daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa, kushoto akaandika Faida, kulia akaandika Madhara, na akaanza kuniuliza maswali.

"Hii dawa wanaihifadhi wapi? Kwenye baridi ya kiasi gani?"

"Sijui, baba."

"Mimi yangu nilikuwa naibeba kwenye mtungi wa baridi kali, unafuka moshi. Ikipata joto dakika chache tu, umemchoma ndama maji. Na kipimo? Wanachoma kwa uzito?"

"Haijaandikwa."

"Haijaandikwa!" Akaandika hilo upande wa Madhara.

Begini mwake mlikuwa na ule utepe wa kupimia ng'ombe, ambao ukiuzungusha kifuani kwa mnyama unasoma kilo zake. Wasichana wakauchukua na kwenda nao chumbani wakapimana wenyewe juu ya masweta. Tulisikia kicheko, kisha mlango ukapigwa teke. Mkubwa alikuwa ametoka sawa na ndama wa kuachishwa maziwa na amekasirika. Mdogo hakusomeka kabisa, kwa sababu namba za utepe zilianza mbali juu yake.

"Aisee, yaani hata kwenye ng'ombe simo," akasema.

Babu hakucheka. Alikuwa kazini. Aliniuliza nani atakaa na watoto baada ya sindano, kwa muda gani, na kama mwangalizi huyo anajua dalili za mnyama aliyekataa dawa. Nikasema nadhani matroni. Akaniuliza matroni ana watoto wangapi wa kuangalia. Nilipomjibu, akaandika tena upande wa Madhara. Upande wa Faida ulikuwa na neno moja tu, "Kinga," na hata hilo aliliwekea alama ya kuuliza.

Kisha akafunga kalamu na kutoa hukumu. Alieleza kwamba kwa miaka yote ya kazi yake alikuwa na kanuni moja: hachanji zizi lote siku moja. Anachanja nusu, anaondoka, anarudi baada ya wiki kadhaa kuona wanaendeleaje, ndipo anachanja nusu iliyobaki. Na mnyama mgonjwa hachanjwi, huyo siku zote huangukia kwenye nusu ya kungoja.

"Zizi lako lina wawili," akasema. "Nusu ni mmoja. Huyu mkubwa ana nguvu, aende. Mdogo ana kifua, abaki. Tukiona mwenzake yuko salama, tutaongea."

Nikaigeukia sufuria ya maharage. "Wewe sufuria," nikasema, "sijui kama watoto wanagawanyika namna hiyo."

"Wanagawanyika vizuri tu," babu akakiambia kikombe. "Kuliko ng'ombe, maana hawa wana majina, huwezi kuwachanganya."

Niliweka alama. Nakubali kwa mkubwa, Sikubali kwa mdogo, sahihi yangu chini ya zote mbili, kwa kalamu ya wino. Nikazitia kwenye bahasha. Siku hiyo nilijisikia mwepesi kuliko wiki nzima, nikashona gauni la ubatizo hadi pindo bila kufumua hata mara moja, na wala sikujiuliza wepesi ule umetoka wapi.

Mdogo ndiye aliyeuliza. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tumekaa nyuma ya nyumba tunapukuchua mahindi, mimi, yeye na babu yake aliyeshuka tena kutoka Rhotia.

"Aako, kwa hiyo mimi ndiyo ndama mgonjwa?"

"Wewe si mgonjwa. Una kifua tu."

"Sasa mbona nimebaki na wagonjwa?"

"Ili usiumie, mjukuu wangu. Dawa inamtikisa mwenye nguvu, je, wewe?"

Akapukuchua gunzi zima. Kisha akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayeuliza ni saa ngapi, "Wale ndama uliowaacha, wa nusu ya kungoja. Ugonjwa ukija kabla hujarudi, wanakufa akina nani?"

Nilitaka kumkemea. Mtoto hamhoji babu hivyo. Lakini baba mkwe aliinua mkono kunizuia, na akabaki ameushika hewani kama aliyesahau kwa nini ameuinua.

Baba mkwe ana ubishi, ana makelele, na akila ugali kwangu lazima aseme ule wa mkewe ulikuwa mgumu zaidi. Lakini sijawahi kumsikia akidanganya kuhusu ng'ombe. Akatueleza. Mwaka mmoja alikwenda kwenye boma moja mbele ya Arash, la mama mmoja mjane. Akachanja ndama wenye afya. Wale waliokonda akawaacha, na mama yule akamsihi, akamwambia hawa hawaumwi, wamekonda kwa sababu mama zao hawana maziwa. Yeye akasema kanuni ni kanuni. Mvua zikakata njia, na wiki alizoahidi zikawa miezi. Aliporudi, wenye hereni walikuwa wanakula majani. Wale wengine hawakuwepo.

"Hawakuwa wagonjwa," akasema. "Walikuwa wamekonda tu. Mimi ndiye sikutazama."

"Yule mama alikutukana?" mdogo akauliza.

"Alinipa maziwa."

Akanyanyuka akaenda kusimama karibu na pipa la maji, akatupa mgongo. Mdogo akaniangalia akihofia kwamba amefanya kosa. Nikamwambia aendelee na mahindi.

Jumatatu asubuhi babu alikuwa mlangoni, amenyoa ndevu, buti zimepigwa maji. "Tumetafuta ushauri kwa bwana mifugo," akamwambia mdogo, ili mimi nisikie. "Sasa twende kwa daktari wa watu."

Daktari wa watoto tuliyemkuta hospitali alikuwa binti mdogo ambaye ningeweza kumshonea sare ya shule. Alimpima mdogo kifua mbele na nyuma, akauliza mara ngapi anaamka usiku akikohoa, mara ngapi anatumia dawa ya kuvuta, kisha akaweka kifaa chake mezani. Baba mkwe akafungua daftari. Nilitamani kuingia chini ya kitanda cha wagonjwa.

Lakini daktari yule alikuwa na subira. Alisema watoto wengi wakipata korona huugua kidogo wakapona, na kwa mtoto mwenye afya kama yule mkubwa faida ipo lakini si kubwa kama kwa mtu mzima. Alisema mkono unaweza kuuma, homa inaweza kuja siku moja au mbili. Yapo madhara makubwa zaidi, kama moyo kupata uvimbe, ila ni nadra, na huonekana zaidi kwa wavulana na vijana wa kiume. Wapo wachache ambao mwili unaikataa papo hapo, ndiyo maana mtoto anakalishwa na kuangaliwa kwanza kabla ya kuondoka. Kipimo kwa wa umri huu hakifuati kilo.

"Na huyu mwenye pumu?" babu akauliza.

"Pumu haimzuii, mzee. Ingekuwa leo amebanwa au ana homa, ningesema asubiri apone. Lakini kifua chake kimetulia. Mimi ningeogopa zaidi ugonjwa wenyewe umkute huyu kuliko dada yake."

Babu aliandika. Nilichungulia: safari hii kalamu ilikuwa upande wa kushoto.

Akauliza kuhusu baridi, na daktari akamwonyesha jokofu lao la chanjo za watoto wachanga pamoja na karatasi ya kuandikia joto asubuhi na jioni, akamwambia hata huko shuleni ana haki ya kuulizia hiyo. Baba mkwe akaisoma ile karatasi kwa mapenzi ambayo sijamwona akiyatoa kwa kitu kingine chochote. Kisha, kwa mazoea ya miaka, akauliza, "Na baada ya sindano, maziwa yasinywewe siku ngapi?"

Daktari alimtazama mdogo, kisha babu.

"Mzee," daktari akasema, "huyu hakamuliwi."

Mdogo alicheka hadi nikashika begi lenye dawa yake ya kuvuta. Babu naye akacheka, akajipiga paji la uso kwa daftari. Ni mimi peke yangu niliyebaki na swali.

"Daktari, unaweza kuniahidi kwamba hakutatokea kitu?"

"Hapana, mama," akasema. "Sitakuahidi. Wala siwezi kukuahidi hakutatokea kitu usipomchanja."

Nilimchukia kwa dakika moja nzima. Nilikuwa nimekuja kununua ahadi, na mtoto huyu wa watu ananirudisha nyumbani na kichwa changu mwenyewe.

Nyumbani tulitoa bahasha. Fomu ya mdogo ilikuwa na wino kwenye Sikubali, na kufuta kusingewezekana. Ilibidi niikate ile alama, niweke nyingine kwenye Nakubali, na niweke sahihi tena pembeni kuthibitisha kwamba ni mimi niliyebadilisha. Nikaandaa meza, nikaifuta. Nikaketi. Nikaifuta tena.

Baba mkwe alikuwa upande wa pili wa meza, na sufuria zote zilikuwa jikoni. Hakukuwa na wa kumwambia ila yeye.

"Baba, naogopa," nikasema. Nilimtazama usoni. "Siku ile uliposema nusu, nilifurahi. Sikufurahi kwa sababu ulikuwa sahihi. Nilifurahi kwa sababu uliamua wewe. Nilijua likitokea baya kwa huyu au kwa yule, nitasema ni babu yao. Nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu kabla hata ya kosa lenyewe."

Nilitegemea anyanyuke aondoke. Mwanamke aliyeolewa hamwambii hivyo baba wa mumewe. Lakini alivua miwani, akaifuta kwa kona ya koti, akaivaa, akaivua tena.

"Mama," akasema, "unajua kwa nini nilikuwa nachanja nusu?"

"Ili uone kwanza kama dawa iko salama."

"Ndivyo nilivyowaambia watu. Ndivyo nilivyojiambia na mimi." Akatazama fomu. "Dawa nilikuwa naijua. Niliogopa nikichanja zizi zima likaharibika, nitatoka vipi kwenye lile boma, nitawatazama vipi. Nusu ikifa, nusu imebaki, mtu anakusamehe. Ile kanuni haikuwa ya kuwalinda ndama, mama. Ilikuwa ya kunilinda mimi."

Nje mkubwa alikuwa anagombana na mdogo kuhusu nani amemaliza mafuta ya nywele, na sauti ya mdogo ilikuwa juu, nzima, haina mkwaruzo hata kidogo.

"Saini," baba mkwe akasema. "Ukimaliza nipe hiyo kalamu, na mimi niweke yangu chini. Likitokea la kutokea, tulaumiwe wawili."

Nikakata ile alama. Nikaweka nyingine. Nikasaini. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa mzazi, lakini yeye aliongeza mwingine kwa rula, akaweka sahihi yake ndefu ya serikalini yenye mkia, na chini yake kwa herufi kubwa akaandika cheo: BWANA MIFUGO (MSTAAFU). Mdogo alipoiona alipiga yowe. "Aako! Wenzangu wote wataniita ndama!" Akaambiwa achague kati ya kuitwa ndama na kubaki nyumbani kukamua, akachagua shule.

Mwisho wa Januari matroni alipiga simu saa nne asubuhi. Kwanza aliuliza, kwa adabu sana, kama fomu ile ilikuwa halali. Kisha akasema wote wawili wamechanjwa jana, mkubwa hana neno, mdogo ana homa kidogo na amelala.

Siku hiyo sikushona hata kitufe. Mume wangu alipiga simu mara saba, na safari hiyo hakuna faru aliyemzuia. Baba mkwe alishuka kutoka Rhotia bila kuitwa, akakaa kwenye stuli ya wateja na daftari lake, akawa anamwambia kila anayeingia kwamba fundi leo hapokei kazi. Kila baada ya muda aliniuliza, "Wamepiga?" nami namjibu, "Bado, baba," na hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Ni wewe uliyetaka."

Saa kumi na moja jioni wakapiga. Nilimwomba matroni anipe mwanangu nisikie anavyopumua. Nikasikia watu wanatafutana, viatu vinakimbia, kimya kirefu kilichonizeesha, kisha matroni akarudi.

"Samahani, mama. Hayupo kitandani. Ameonekana uwanjani anacheza mpira wa wavu, na anasema kama si jambo la muhimu, upige baadaye."

Nikaweka simu mezani nikalia mbele ya wateja wawili, ambao walinipa pole ya msiba. Baba mkwe akawaambia hakuna aliyefariki, huyu mama anafurahi tu, kisha akatoa leso yake akanipa, akaichukua tena kwanza akafuta macho yake.